Maji ya Fedha

Mkemia aliingiwa na wasiwasi siku alipomkuta mdogo wake akichambua mchele. Mdogo wake alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, ungo mapajani, vidole vikienda mbio kama kawaida yake, na kwenye ncha za vile vidole kulikuwa na madoa meusi. Hayakuwa masizi ya sufuria. Yalikuwa madoa yaliyokolea, yenye kingo kali, yameingia ndani ya ngozi.

"Vidole vimekuwaje?" Mkemia aliuliza.

"Ndizi mbichi, Dada. Si unaujua utomvu wake."

Mkemia alivitazama tena vile vidole. Utomvu wa ndizi aliujua, na doa la namna ile alilijua zaidi, maana alikuwa nalo mwenyewe kwenye kidole gumba, mahali glavu ilipotoboka akiwa kazini. Lilikuwa doa la chumvi ya fedha. Chumvi hiyo ikiyeyushwa inakuwa kama maji matupu, ikikudondokea huoni kitu. Ukitoka nayo juani inageuka nyeusi, na hapo usugue kwa sabuni, kwa ndimu, hata kwa mchanga, haitoki mpaka ngozi yenyewe ibambuke. Haikuwa kitu cha kukutwa jikoni kwa mtu. Mkemia aliuma maneno, akaomba maji ya kunywa, akaaga. Njia nzima alijiambia kwamba huenda ni ndizi kweli.

Yeye alifanya kazi kwenye karakana ya bendeji, jengo refu la matofali nyuma ya gereji za malori. Kila asubuhi alichuma majani ya mpera uliokuwa uani, akayaosha, akayakatakata, akayachemsha kwenye chombo cha kioo mpaka maji yakapata rangi ya njano hafifu. Yakishapoa na kuchujwa, alichukua chumvi ya fedha iliyoyeyushwa, akaimimina humo, akaweka kwenye moto mdogo, akangoja. Hapo ndipo palipompendeza, ingawa aliliona jambo hilo kila siku. Maji yalianza kugeuka yenyewe. Njano ikawa dhahabu, dhahabu ikawa kahawia, mwisho yakatulia kama chai ya rangi iliyokolea. Kitu fulani ndani ya majani kiliishika ile fedha kikaigeuza kuwa chembe ndogo mno, ndogo hata hadubini ya kawaida haizioni, zikaelea majini bila kuzama. Shashi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, ikichovywa humo na kukaushwa, vijidudu vya kidonda havipati pa kuishi. Wodi ya walioungua katika hospitali ya mji ilizitumia shashi hizo, na wauguzi walisema tangu zije, harufu ile nzito ya wodini imepungua.

Aliyekuwa akizipeleka hospitali alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, dereva wa gari dogo la karakana. Watu walimwita Redio, kwa sababu akishawaka asubuhi hazimwi. Alikuwa mtu wa kuvunja watu mbavu. Hata mama mkwe wake, ambaye kicheko chake ni cha kutafuta kwa tochi, alikuwa akimsikia tu akivua viatu mlangoni anaanza kutabasamu. Akiwa hana safari, Redio husimama kwenye mlango wa chumba cha Mkemia na kumtazama akifanya kazi, akiuliza hili na lile.

"Shemeji," alimwambia siku moja, "kama inaponya nje, ndani je?"

"Ndani kuna ini, kuna figo. Hii ni ya juu ya kidonda tu."

"Lakini si majani ya mpera haya? Bibi yangu alitunywesha majani ya mpera mpaka tukachoka."

"Ni majani ya mpera na fedha, Shemeji. Fedha hainywewi."

"Basi wagonjwa wetu wamelala juu ya fedha, halafu ukiwaomba nauli wanasema hawana," alisema Redio, wote wakacheka, na maneno yakaishia hapo.

Halafu, miezi mingi kabla ya madoa yale, Redio aliacha udereva. Alisema amepata biashara yake mwenyewe, anauza sabuni za maji kwa mahoteli. Mkemia alimtakia heri. Tangu hapo wakawa hawaonani sana. Akienda kuwatembelea anaambiwa Redio yuko kwenye mizunguko.

Siku ya mapumziko, doa la vidole likiwa bado linamsumbua moyoni, Mkemia alikwenda tena kwa mdogo wake. Safari hii aliingia kwanza chumbani kwa mama yao, ambaye aliishi hapo tangu magoti yalipoanza kumtesa. Mama alikuwa amekaa kitandani karibu na dirisha, miguu ameinyoosha. Alinyoosha mkono asalimiwe, na Mkemia akauchukua kwa mikono yake miwili, akauinamia. Ndipo alipoziona kucha.

Pale chini, penye shina la ukucha, mahali ambapo kwa kila mtu pana kamwezi keupe, kwa mama palikuwa na rangi ya buluu iliyopauka. Mkemia aliugeuza mkono kuelekea dirishani. Vidole vyote vilikuwa hivyo.

"Mama, unatumia dawa gani siku hizi?"

"Unaniuliza mimi?" Mama alicheka kidogo. "Si dawa yako."

"Dawa yangu ipi?"

Mama alionyesha kwa kidevu. Kwenye meza ndogo kando ya kitanda, karibu na miwani na kitana, kulikuwa na chupa ya plastiki yenye maji ya rangi ya chai, na kijiko kimelazwa juu ya kifuniko chake. Chupa ilikuwa imebandikwa karatasi iliyochapwa vizuri, ina picha ya jani la kijani. Iliandikwa: MAJI YA FEDHA YA MKEMIA. Chini yake, kwa herufi ndogo: Yametengenezwa kwa majani asilia na mtaalamu wa hospitali.

Mkemia aliisoma mara mbili.

"Magoti yametulia," alisema Mama. "Juzi nimefika mpaka kwenye geti bila fimbo. Shemeji yako aliniambia nisikuulize, maana kazini hawajakupa kibali na ungeona haya. Nikasema mwanangu na haya zake, tangu utotoni. Lakini nilijisikia vizuri, mwanangu. Nilijisikia vizuri kujua ni mikono yako."

Mkemia aliichukua chupa, akamwambia mama yake anakuja sasa hivi, akaenda jikoni.  Mdogo wake alikuwa amesimama mbele ya jiko, akikoroga. Juu ya moto kulikuwa na sufuria kubwa, ile waliyokuwa wakipikia wageni zamani nyumbani kwao, imejaa majani ya mpera. Kwenye rafu, katikati ya kopo la sukari na chupa ya mafuta ya kupikia, ilikuwepo chupa nyeusi ya kioo ambayo Mkemia angeitambua hata gizani.

"Hiyo mmeitoa wapi?"

Mdogo wake aligeuka. Aliiona chupa ya plastiki mkononi mwa dada yake, akaweka mwiko chini.

"Wanamfahamu Redio pale duka la kemikali," alisema taratibu. "Alikuwa akiwachukulieni nyinyi. Akaendelea tu kuchukua."

"Na mnapima vipi?"

"Anapima kwa kijiko."

"Kijiko gani?"

Mdogo wake alionyesha kile cha kopo la sukari. Mkemia alivuta bilauri, akamimina humo kidogo yale maji ya kwenye chupa, akayaongeza maji safi mpaka rangi ikawa hafifu. Kisha akachota chumvi ya kupikia kwa ncha ya vidole, akainyunyiza ndani. Wote wawili walitazama. Kwanza hakukuwa na kitu. Halafu wingu jeupe likaanza kujikusanya katikati ya bilauri, likaongezeka, likawa zito kama maziwa yaliyoganda, likateremka polepole mpaka chini.

"Unaona hicho cheupe?" Mkemia aliuliza, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa utulivu wake. "Hiyo ni chumvi ya fedha ambayo majani hayakuigeuza. Mmetia nyingi kuliko majani yanavyoweza. Hamuuzi hata kile ninachotengeneza mimi, na hicho changu chenyewe hakinywewi. Mama anakunywa hii. Wewe je?"

Mdogo wake aliacha kuitazama bilauri. Alijishika tumboni, ishara ndogo tu, mkono ukapita ukarudi, lakini dada yake aliiona.

"Tangu lini?"

"Sijamwambia mtu bado, Dada. Nilikuwa nasubiri itulie." Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Nimekunywa kidogo. Redio alisema inaongeza nguvu."

Mkemia alizima moto. Alikuwa akitafuta la kusema waliposikia viatu vinavuliwa mlangoni na sauti ya Redio ikiimba wimbo wa tangazo lake mwenyewe. Aliingia jikoni moja kwa moja kutoka juani, kofia mkononi, jasho likimtiririka, na kwa muda mfupi Mkemia alidhani ni mtu mwingine.

Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu yaliyolowa. Haikuwa rangi ya mgonjwa, maana wagonjwa Mkemia alikuwa amewaona. Ngozi ya paji la uso, ya pua, ya masikio, ilikuwa na mng'ao wa kibuluu kama bati la zamani, lakini pale kofia ilipokuwa imekaa, chini ya nywele, palibaki rangi yake ya siku zote. Weupe wa macho ulikuwa umepata kivuli. Na alipotabasamu kumsalimia, ufizi wake ulikuwa wa kijivu.

"Shemeji, karibu," alisema. Kisha akaiona bilauri mezani. Tabasamu likabaki mahali pake, halina pa kwenda.

"Unakunywa kiasi gani?" Mkemia aliuliza.

"Mimi ni lazima ninywe. Pale stendi, mbele ya watu. Kikombe kizima, wanione. Mtu hawezi kununua dawa ambayo muuzaji mwenyewe anaiogopa."

"Kila siku?"

"Kila kituo."

"Na huu uso, wateja wanasemaje?"

Redio alijishika shavu kama mtu anayekagua kama amenyolewa vizuri. "Wanasema ni uchafu unatoka. Mimi sikuwaambia hivyo, walijisemea wenyewe. Kuna mama mmoja alikuja na wenzake kunitazama. Akawaambia, mnaona, dawa ikishafanya kazi inajionyesha. Siku hiyo chupa ziliisha kabla sijamaliza kupanga meza."

Hakuna aliyecheka, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Redio kusimama katika jiko lile pasipatikane wa kucheka.

Mkemia aliwapeleka wote watatu kwa daktari wa ngozi, mwanamke mfupi asiyependa kuzungushazungusha maneno. Daktari alimsimamisha Redio dirishani, akamfunua kola, akamtazama mpaka ndani ya midomo. Akamwambia aache kunywa siku hiyo hiyo. Redio aliuliza rangi itaondoka baada ya muda gani.

"Nikikwambia itaondoka nitakuwa nakudanganya," alisema daktari. "Fedha imeshakaa ndani ya ngozi. Jua likiipiga inazidi kukolea. Usikae juani, vaa kofia pana, funika shingo. Hapo ulipofika ndipo utakapobaki, kama ukijitunza."

Mama alizitazama kucha zake, akauliza kama na yeye angekuwa hivyo mwili mzima. Daktari alisema alikunywa kwa kijiko na hatoki juani, huenda ikaishia kwenye kucha. Mdogo wake Mkemia aliulizwa maswali mengi kuliko wote, akapimwa damu, akapimwa tumbo kwa mashine. Moyo wa mtoto ulikuwa unapiga. Kuhusu kitakachofuata, daktari alisema hajui, tena akasema mtu yeyote atakayewaambia anajua, wamkimbie.

Njiani kurudi, Redio alichagua kiti cha nyuma. Alikaa karibu na dirisha la gari amejifunika taulo kichwani, na kila mara jua lilipomfikia mkononi, aliuvuta mkono ndani.

Chupa zilizobaki nyumbani Mkemia alizimimina kwenye pipa, akatia chumvi ya jikoni nyingi ili fedha izame, akaipeleka ile takataka karakana. Hakuthubutu kuimwaga mtaroni. Aliondoka akaenda dukani, akapiga marufuku mtu yeyote kupewa chumvi ile kwa jina la karakana bila yeye mwenyewe kuwepo. Kisha akajikaza akaenda stendi.

Alisimama pale pale alipokuwa akisimama Redio, akawaambia watu ukweli. Alisema yeye ndiye Mkemia wa kwenye chupa, na dawa hiyo hakuitengeneza, na isinywewe. Watu walimzunguka kwa adabu. Walimsikiliza mpaka mwisho. Alipomaliza, mwanamke mmoja aliyebeba kikapu alimsogelea, akamwambia kwa sauti ya upole:

"Tunakuelewa, dada. Wamekukataza, si ndiyo? Wakubwa hawataki dawa ya majani ijulikane."

"Hakuna aliyenikataza. Nasema inadhuru."

"Sawa," alisema yule mwanamke, akimkonyeza kidogo. "Sasa tuambie, tutaipata wapi kimyakimya?"

Nyuma ya umati, kando ya choo cha kulipia, mzee mmoja alikuwa tayari ametandika turubai, amepanga chupa zake. Maji yake yalikuwa meusi kuliko ya Redio. Mkemia alipomuuliza ametumia nini, alisema majani, na kile alichokiita fedha, risasi aliyoipata kwa fundi wa betri. Hakuficha chochote. Alimwonyesha na tindikali aliyoiyeyushia.

Kutoka hapo Mkemia alikwenda polisi. Polisi walimsikiliza, wakaenda stendi, mzee akakunja turubai, walipoondoka akalitandika upande wa pili wa barabara. Kazini bosi wake alimwambia asijichoshe, hakuna aliyeishtaki karakana. Nyumbani Redio alikuwa hatoki. Alikaa chumba cha nyuma, pazia limeshushwa, akitengeneza pasi na feni za majirani. Waliozileta walimkabidhi mkewe mlangoni.

Kwa kuwa dereva mpya alikuwa likizo, bendeji Mkemia alizipeleka hospitali mwenyewe. Ndivyo alivyoingia wodi ya walioungua asubuhi moja, katoni begani, akakuta muuguzi mkuu anamsubiri kwenye korido.

"Ni vizuri umekuja wewe," alisema muuguzi. "Shashi zako zinaisha haraka kuliko vidonda. Nilidhani wanaiba wakauze. Njoo uone."

Alimwongoza mpaka kitanda cha mwisho, alipolala mwanamke aliyeunguzwa na mafuta kifuani na shingoni. Muuguzi aliinama, akavuta kikombe kilichofichwa nyuma ya mguu wa kitanda, kimefunikwa na kisahani. Akafunua. Ndani kulikuwa na kipande cha shashi mpya, kimekunjwa vizuri, kimelowekwa, na maji yameshika rangi ya chai. Mkemia alitazama chini ya kitanda cha jirani. Palikuwa na kikombe. Chini ya kile kingine, kopo la maziwa ya unga. Kingine, chupa iliyokatwa shingo. Kila kimoja kilikuwa na kifuniko chake.

"Nani amewaambia mfanye hivi?" alimuuliza yule mwanamke.

"Si ndiyo ile ile ya chupa?" alijibu yule mwanamke kwa tabu, maana shingo ilimkaza. "Sisi wa wodini tunaipata halisi. Nje wanauziwa feki."

Mkemia alirudi moja kwa moja nyumbani kwa mdogo wake, akakaa kwenye kiti mbele ya Redio, akamweleza alichokiona. Hakumlaumu. Alimwomba jambo moja tu. Redio aliweka bisibisi chini. Halafu akaomba kofia yake pana.

Walifika wodini mchana, wakati wa kutazama wagonjwa. Redio alisimama katikati ya vitanda, akavua kofia, akafungua vifungo vya shati mpaka tumboni ili waone rangi ya uso na rangi ya pale pasipofikiwa na jua. Alivuta mdomo wa chini kwa kidole, akawaonyesha ufizi. Aliongea kwa sauti ndogo, bila utani. Aliwaambia kwamba yeye ndiye aliyeanza, kwamba alidanganya kuhusu jina la shemeji yake, kwamba mkewe ana mimba na hawajui mtoto atakuwaje.  Hata waliokuwa wakiugulia maumivu waligeuza vichwa wamwone. Mkemia alimtazama shemeji yake, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya bilauri aliona watu wanaelewa.

Mwanamke wa kitanda cha mwisho aliinua mkono.

"Kaka, samahani. Umekunywa muda mrefu?"

"Muda mrefu," alisema Redio. "Kuliko mtu yeyote."

"Na uko hai."

Redio alimtazama Mkemia, kisha akamtazama yule mwanamke. "Niko hai," alisema.

Yule mwanamke alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyejibiwa vizuri, akashukuru, akageukia ukutani. Wengine wakaanza kunong'onezana. Muuguzi mkuu alikuwa ameshavikusanya vikombe vyote kwenye ndoo, akaibeba kutoka nayo. Mkemia alianza kumsaidia Redio kufunga vifungo. Alipoinua macho, aliona mkono wa yule mwanamke ukitoka polepole chini ya shuka, ukipapasa katoni mpya ya shashi iliyoachwa wazi kando ya kitanda.